Maziwa Yarudipo: Kucheua kwa Watoto Wachanga

Mtoto wa miezi mitatu amekwisha kunyonya. Mara maziwa yamtoka kinywani na kumlowesha mama bega. Husemwa kwamba ametapika, lakini neno hilo si sahihi. Kutapika ni kazi ya misuli ya tumbo inayojikaza kwa nguvu. Mtoto huyu amecheua tu, na pengine anatabasamu papo hapo.

Umio hukutana na tumbo mahali penye misuli ya mviringo, ambayo huachia chakula kipite kisha hujifunga. Kwa mtoto mchanga misuli hiyo hulegea mara kwa mara hata asipomeza kitu. Tena chakula chake chote ni cha majimaji, tumbo lake ni dogo, naye hushinda amelala. Chupa iliyojaa, yenye kizibo kilicholegea, ikilazwa itamwagika. Hali hii huzidi kufikia mwezi wa nne, kisha hupungua. Wengi huwa wameiacha watimizapo mwaka mmoja au kupita kidogo.

Je, asidi haimwunguzi? Asidi ya tumbo tupu ni kali kweli: pH yake hufika 2 au chini ya hapo. Lakini maziwa huidhoofisha, hivyo kinachorudi mara baada ya kunyonya hakina ukali mwingi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa watoto 162: nusu walipewa lansoprazoli, dawa ya kupunguza asidi, na nusu dawa bandia. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 54 katika kila kundi!

Yafaayo ni mepesi zaidi: kunyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, kumsaidia mtoto apige mbweu, na kumshika wima kama nusu saa. Maziwa ya mama yasikatizwe.

Wengi huogopa kumlaza chali asije akapaliwa. Umbo la mwili lakanusha hofu hiyo. Njia ya hewa iko mbele ya umio. Mtoto alalapo chali, njia hiyo huwa juu, na maziwa hulazimika kupanda ili yaingie. Alalapo kifudifudi mambo hupinduka, na hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka.

Hakimu ni kadi ya kliniki. Mtoto anayecheua huku akinenepa vizuri, kwa kawaida hahitaji dawa. Lakini matapishi ya kijani ni nyongo, dalili kwamba huenda utumbo umeziba; huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kadhalika atapikaye damu. Na maziwa yakiruka mbali kila anyonyapo, hasa kati ya juma la tatu na la sita, yawezekana misuli ya mlango wa kutokea tumboni imenenepa mno. Ugonjwa huo huponywa kwa upasuaji, wala si kwa dawa ya asidi.