Usinyanyue Gari Kabla ya Kugusa Bushi

Mwenye Corolla ya zamani pale Lisekese, Masasi, akichoka kugonga chini, ushauri wa kwanza anaopewa ni kunyanyua gari. Spesa zinawekwa juu ya shokapu, au raba inachomekwa kati ya mizunguko ya springi, na jioni gari limesimama juu. Bei ni nafuu. Mimi ningemwambia ashike pesa yake kwanza.

Spesa huongeza nafasi kati ya tumbo la gari na barabara, basi. Haiongezi safari ya shokapu, yaani umbali ambao tairi linaweza kupanda na kushuka kabla chuma hakijagonga chuma. Raba ni mbaya zaidi: mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, iliyobaki inafanya kazi yote ya kunesa, na hapo ndipo springi hukatika. Isitoshe, shafti zinakaa kwa pembe kali, raba za jointi zinachanika, na mchanga wa Umakondeni unaingia ndani. Halafu jaribu kushuka mteremko wa Newala kuelekea Masasi na magunia ya korosho, gari likiwa limenyanyuliwa hivyo. Kila kona linalala upande.

Barabara mbovu haihitaji kimo tu: gari la Peugeot 504 halikuwa la juu sana. Sifa yake Afrika Mashariki ilitokana na springi laini zenye safari ndefu. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili.

Kwa hiyo, badala ya kuongeza kimo, anza na bushi za mikono ya chini, boljointi na linki za stabilaiza. Mlio wa ko-ko-ko kwenye mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye linki, kazi ya spana mbili tu. Inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, usukume kidogo: bushi iliyochoka utaiona inacheza, raba imepasuka au imeachana na chuma.

Hapa kuna kosa ambalo hata gereji nzuri hulifanya. Bushi mpya inafungwa, boliti inakazwa hadi mwisho huku gurudumu likining'inia. Gari likishushwa, mkono unapanda na raba ndani yake inasokotwa, na itabaki imesokotwa hivyo hata gari likiwa limeegeshwa. Haidumu. Kaza boliti kidogo tu, shusha gari likalie matairi yake, litikise lipate kimo chake, ndipo ukaze mwisho. Ndiyo, ni taabu kufikisha spana huko chini. Panga mbao nene na pana chini ya magurudumu yote manne upate nafasi.

Shokapu zije baadaye, na zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia. Kazi yake si kubeba uzito, hiyo ni ya springi. Zenyewe hutuliza kunesa kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na nguvu hiyo hugeuka joto. Kwenye makunyanzi ya barabara ya vumbi mafuta hupata moto na kutoa povu, shokapu ikalegea ukiwa safarini. Zile za gesi hubanwa kwa naitrojeni ili povu lisitokee haraka. Kama kuna pesa ya kuongeza, iongeze hapo.

Mbele, Corolla hutumia mfumo aliobuni Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940: springi imevikwa kwenye shokapu. Nati ya katikati juu usiifungue kamwe kabla springi haijabanwa na vibano viwili vizuri. Huachia kwa nguvu ya kuvunja taya. Kama vibano huna, ng'oa mguu mzima, shokapu na springi yake pamoja, uupeleke kwa fundi mwenye navyo.

Ukimaliza, pima magurudumu ya mbele. Mashine ya alaimenti ikiwa mbali, futi ya kupimia na msaidizi mmoja vitakufikisha kwenye mashine hiyo salama: pima umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Tofauti iwe milimita chache tu. Kisha panda Newala bila mzigo, urudi, na upitie boliti zote kwa spana.