Kura: Bahati au Uamuzi?

Akina mama wanaocheza mchezo sokoni Mombo, wilayani Korogwe, wakitaka kujua nani aanze kupokea hela, wanapiga kura. Vikaratasi vinaandikwa namba, vinakunjwa, kila mtu anaokota chake. Uchaguzi ukifika, akina mama haohao wanapanga foleni kituoni, na huko pia wanapiga kura. Neno ni moja, ila kazi ni mbili.

Neno kura lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya zamani ni hiyo ya vikaratasi: kuachia bahati iamue. Katika kisa cha Nabii Yunus, au Yona, mabaharia walipiga kura kujua nani atupwe baharini. Hakuna aliyemchagua; kura ndiyo iliyomwangukia.

Maana ya pili ni ya uchaguzi. Hapa mpiga kura ndiye anayeamua. Ndiyo maana tunasema "nimempigia kura" fulani. Aliyeshindwa anataniwa mtaani kwamba "kura hazikutosha."

Kutoka hapo neno limezaa mengine. Kura ya siri ni ile usiyoonyesha mtu. Kura ya maoni huwauliza wananchi jambo, kama Zanzibar Julai 31, 2010, walipoulizwa kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa wakakubali. Kura ya turufu imekopwa kwenye karata: katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, nchi moja kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China ikikataa, azimio linakwama.

Tanganyika ilikuwa pia na "kura tatu". Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilibishana sana kuhusu sharti hilo kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Nyerere alishawishi wenzake washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. TANU ikashinda, na mwaka 1961 uhuru ukapatikana.

Kwa hiyo mtu akisema "mimi napiga tu, atakayepita apite," ameirudisha kura kwenye vikaratasi vya mchezo. Tofauti ni kwamba kwenye mchezo kila mmoja atapata zamu yake. Kwenye uchaguzi, ukikosea, unasubiri miaka mitano.