Mkono Unaonyoshwa kwa Simu: Kumpokea Mtu Mwenye Mawazo ya Kujiua

Saa nane za usiku, katika kundi la simu la watu waliosoma shule moja, ujumbe mfupi unaingia: "Jamani, nimechoka. Mnisamehe kama yupo niliyemkosea." Kunapokucha, majibu ni "pole sana" nne, picha mbili za mikono ya dua, na swali la mzaha kama mwenzao amelewa. Kabla ya adhuhuri mazungumzo yamekwisha kuhamia kwenye michango ya harusi. Hakuna aliyempigia simu. Mfano huu ni wa kubuni, lakini wengi wenye simu watautambua.

Kiswahili ni lugha ya staha, na jambo zito aghalabu husemwa kwa kuzungukwa. Mwenye sonona huenda asiseme kwamba anaumwa, husema "nina mawazo" au "sioni mbele." Anayefikiria kujiua naye huweza kuaga badala ya kueleza: huomba radhi bila sababu, hugawa vitu anavyovithamini, hukabidhi watoto kwa ndugu, au huandika kwamba watu watapumzika asipokuwapo. Maneno hayo si ya kupuuzwa. Ni hodi, nayo hodi hungoja mtu wa kuifungulia mlango.

Ukubwa wa tatizo haufichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua, na takribani robo tatu yao huishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Hata hivyo, wengi wenye mawazo haya hawakitaki kifo chenyewe. Wanataka maumivu yakome, na kwa wakati huo hawaoni njia nyingine. Mawazo makali hupanda na kushuka, na saa za hatari kubwa zaweza kuwa chache. Kati ya kila watu kumi walionusurika baada ya kujaribu kujiua, takribani tisa hawafi baadaye kwa kujiua. Kumvusha mtu usiku mmoja, basi, si kuahirisha jambo lisiloepukika. Ni kuokoa maisha.

Kwa nini mtu aandike kwenye simu ilhali wazazi wamelala chumba cha pili? Kwa sababu kwenye simu hakuna anayeyaona machozi. Aibu hupungua, na maneno yasiyotamkika mbele ya mama au mke huweza kuandikwa. Hilo ni jambo jema, maadamu anayeyasoma anajua la kufanya.

La kwanza ni kumjibu faraghani, nje ya kundi, kisha kumpigia. Neno "pole" hufungua mazungumzo, lisiyafunge. La pili ni kuuliza waziwazi: "Je, umefikia mahali pa kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kusikia. La tatu ni kusikiliza bila kuhukumu. "Jikaze," "wenzako wana makubwa zaidi" na "usikufuru" ni maneno yanayomrudisha mtu kwenye ukimya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akijibu "ndiyo," aulizwe yuko wapi, yuko na nani, na kama ameshapanga namna au wakati. Mwenye mpango asiachwe peke yake. Atafutwe ndugu, jirani au rafiki aliye karibu akakae naye. Vitu vya hatari viondolewe anapoishi. Kisha asindikizwe kwenye kituo cha afya, hata kama ni usiku. Aliyeombwa atunze siri asiahidi asiloweza kulitimiza. Na aseme kwa upole kwamba uhai una uzito kuliko siri. Ujumbe wake usisambazwe kwa wengine kama habari ya mji.

Kinachowafunga wengi midomo ni hofu ya sheria. Katika Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Hapana budi wagonjwa waelezwe jambo moja: kuwa na mawazo ya kujiua, na kuyasema, si kosa. Anayemweleza muuguzi au daktari mawazo yake anaomba matibabu, na sonona inatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Kwa wahudumu wa afya, kazi haiishi mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi za Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu yao hivi walipewa huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya takribani saa moja kabla ya kuondoka, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Katika kundi la huduma ya kawaida, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2; katika kundi lililofuatiliwa, asilimia 0.2. Mazungumzo, simu na matembezi hayo hayakuhitaji mashine wala jengo jipya. Yalihitaji daftari, tarehe, na mtu wa kuuliza, "Unaendeleaje?"

Naye msomaji ambaye mawazo haya yamemkalia si mtu dhaifu, wala si mzigo kwa watu wake. Amchague mtu mmoja anayemwamini na amwambie kwa maneno yaliyo wazi: "Nafikiria kujiua, nahitaji uwe nami." Asipopokelewa vizuri na wa kwanza, amwendee wa pili, na aende kituo cha afya kilicho karibu. Watoto na wanaowatunza wanaweza kupiga namba 116 bila malipo, Tanzania na Kenya.

Kundi lile la simu lilikuwa na watu wengi, na mmoja tu angetosha: mmoja wa kuacha kuandika "pole" na kubonyeza kitufe cha kupiga.