Sikio Linapouma Tusilichokoe

Msitu wa Jozani umekaa bondeni, na maji ya ardhini hayako mbali na uso wake. Masika yanapoingia, maji hutuama, na watoto wa vijiji jirani hawakosi pa kuogelea. Siku chache baadaye, mmoja huamka usiku akilia sikio.

Hapo ndipo sisi wazazi tunapokosea. Kwa mapenzi tu, tunashika njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku au kijiti cha pamba ili tulisafishe. Kumbe nta tunayoikomba ni kinga aliyoiweka Mwenyezi Mungu: huzuia maji na vijidudu visiidhuru ngozi. Nta ikiondoka, ngozi ikakwaruzika na unyevu ukabaki ndani, bakteria, na mara nyingine fangasi, hupata makazi.

Maradhi haya ya sikio la nje huanza kwa mwasho. Kisha huja maumivu yanayozidi sikio likivutwa au kinundu kilicho mbele ya tundu kikibonyezwa. Tundu huvimba, hutoa majimaji au usaha, na usikivu hupungua.

Tiba yake si ngumu. Daktari hulitazama sikio, hulisafisha, kisha huandika dawa ya matone, aghalabu kwa siku 7 hadi 10, pamoja na ya kutuliza maumivu. Tusinunue matone kwa kukisia: kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa huweza kudhuru usikivu. Wala tusitie mafuta ya moto. Mwenye kisukari, au mwenye homa na uvimbe unaoenea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na udhu je? Kupaka masikio hutimia kwa unyevu wa vidole; hakuhitaji kumimina maji tunduni. Mgonjwa anayechelea maji wakati wa josho na amuulize mwanachuoni, kwani dini yetu haikuja kumzidishia mgonjwa madhara.

Mtoto akitoka majini, tumwinamishe kichwa kila upande maji yatoke, kisha tumfute sikio kwa nje kwa kitambaa safi. Anayetibiwa asiogelee mpaka apone.

Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta dawa. Wahenga nao walisema sikio la kufa halisikii dawa. La mtoto wetu bado linasikia, tuliwahi.