Intaneti ya Kasi Vijijini: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Katika vijiji kadhaa vya Dodoma na uwanda wa kati, mtu huweza kupiga simu akiwa nyumbani kwake, lakini akitaka kuona matokeo ya mtihani wa mwanawe au kupata namba ya malipo ya Serikali, hulazimika kupanda kilimani au kusafiri hadi mjini. Huduma nyingi za umma sasa hutolewa kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo asiyefikiwa na intaneti hulipia kwa nauli na kwa siku nzima ya kazi kile ambacho mwenzake wa mjini hukipata akiwa ameketi. Katika makala haya tunaeleza jinsi intaneti isiyotumia waya inavyofika kijijini, kwa nini huchelewa, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyazingatia inapofika.

Huduma hufikaje kijijini?

Sehemu kubwa ya intaneti yetu huingia nchini kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zikiwamo SEACOM (2009) na EASSy (2010), zinazofika Dar es Salaam. Kutoka huko husafirishwa bara na nyaya nyingine, ukiwamo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kuchimba mtaro wa waya hadi kila kijiji ni gharama kubwa. Hivyo safari ya mwisho hufanywa na mawimbi ya redio, kutoka mnara hadi mnara, kisha hadi kwenye simu au ruta yako.

Mawimbi hayo hayafanani. Yale ya masafa ya chini, kama MHz 700, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya juu hubeba data nyingi lakini huishia karibu. Masafa ya 700 yalikuwa yametengwa kwa ajili ya televisheni. Uzimaji wa mitambo ya analojia, ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ulisaidia kuyapatia matumizi mapya, na mwaka 2018 Mamlaka iliyanadi kwa watoa huduma za intaneti.

Kwa nini vijiji vingine vimechelewa?

Mnara huhitaji umeme, barabara ya kufikisha vifaa na wateja wa kutosha. Pale ambapo kaya zimetawanyika, mapato huweza kuwa madogo kuliko gharama za uendeshaji. Aidha, milima kama ya Kondoa na Mpwapwa huzuia mawimbi, hivyo mnara mmoja hautoshi.

Kwa maeneo hayo yasiyo na mvuto wa kibiashara, sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Mfuko huo huchangiwa na watoa huduma na hutoa ruzuku ya ujenzi wa minara. Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Pima kabla ya kununua

Kuona mnara si uthibitisho wa kupata kasi. Kabla ya kununua ruta au kifurushi kikubwa, fanya yafuatayo:

1. Tazama alama iliyo juu ya kioo cha simu. 2G au E hufaa kwa simu na ujumbe mfupi. Kwa intaneti ya kasi tafuta 4G au zaidi. Hakikisha pia kwamba simu yenyewe inaweza kupokea 4G.

2. Jaribu laini za watoa huduma mbalimbali mahali utakapotumia, mchana na jioni. Watu wa mnara mmoja hugawana uwezo wake, na jioni watumiaji huongezeka.

3. Jaribu ndani na nje ya nyumba. Paa na kuta nene za udongo za tembe, pamoja na mabati, hudhoofisha mawimbi. Ruta iweke dirishani, upande unaoelekea mnara.

4. Soma tangazo kwa makini. Neno “hadi” humaanisha kiwango cha juu, si kasi ya kila saa. Tena kasi hupimwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, faili la megabaiti 10 huchukua takriban sekunde nane.

Haki na tahadhari

Mtoa huduma anapaswa kukueleza bei na masharti kabla hujalipa, na kukujulisha kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapokwisha. Huduma isipokuwa kama ulivyoahidiwa, lalamika kwanza kwa mtoa huduma, udai namba ya lalamiko na kuitunza. Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka. Kwa wakazi wa uwanda wa kati, ofisi yetu ya Kanda ya Kati ipo Dodoma.

Jihadhari na vishoka wanaodai malipo ili “kuleta mnara” au kuunganisha kijiji. Wananchi hawachangishwi fedha kwa ajili hiyo. Usimpe mtu alama za vidole ili akusajilie laini zaidi ya uliyoomba. Piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Kijiji kinachotaka huduma kipeleke ombi lake kwa maandishi kupitia uongozi wa kata na halmashauri, kikitaja idadi ya kaya, shule na zahanati zisizofikiwa. Maelezo hayo husaidia kuonesha ukubwa wa mahitaji pale maeneo ya kujenga minara yanapochaguliwa.