Maabara ya Mwenye Kiwanda Kidogo

Juma hili tuzungumzie viwanda vidogo vya chakula, vile vya uani na vya chumba kimoja, vinavyotuletea unga wa lishe, achari, siagi ya karanga na mvinyo wa rozela. Kwa nini kiwanda kimoja hubuni jambo jipya kila mara, na kingine chenye mtaji ule ule hubaki pale pale miaka kumi?

Wengi watajibu kwamba ni fedha. Fedha ina nafasi yake, lakini si jibu kamili. Kampuni kubwa huajiri wataalamu na huwa na maabara yake. Mama mwenye mashine moja ya kusaga hana hayo. Maabara yake ni watu anaofahamiana nao kibiashara: mwuza mahindi, mwenye vifungashio, mwenye duka, fundi wa mashine na, usishangae, mshindani wake.

Tuchukue mfano wa unga wa lishe, unaochanganywa mahindi, ulezi, soya na karanga. Wateja wa kwanza wa mama huyo ni ndugu, majirani na wenzake wa upatu. Hao humkopesha na kumsifia, lakini wanajua yale yale anayoyajua yeye. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba mara nyingi habari mpya hutujia kupitia watu tusio karibu nao sana, kwa sababu wao huchanganyika na watu wengine.

Jambo hili si la faida tu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na kuvu waotao kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Je, nani atamwonya mama wa unga wa lishe, ambaye walaji wake ni watoto wachanga? Si jirani anayemsifia. Atayemwonya ni mtaalamu wa SIDO, mpimaji wa TBS, au msindikaji mwenzake aliyewahi kurudishiwa mzigo. Hapo ndipo atakapojifunza kununua kwa mkulima anayeanika juu ya turubai, na kuchambua punje zilizooza kabla ya kusaga. Huo nao ni uvumbuzi, ingawa pakiti haikubadilika.

Wapo wasemao: mshindani ataniibia siri. Hofu hiyo haikosi msingi. Kipimo cha viungo vya achari yako kaa nacho. Lakini mahali pa kupata chupa nzuri, au namna ya kuomba alama ya ubora, si siri. Ni gharama unayoilipa peke yako. Wasindikaji watano wakinunua chupa kwa pamoja, kila mmoja hupata bei ambayo asingeipata akienda peke yake.

Hata hivyo, ushirikiano nao una mtego wake. Watu kumi wakifundishwa pamoja, wakakutana wao kwa wao tu, hutoka na achari ile ile, chupa ile ile na lebo ile ile, kisha hugombania mteja mmoja. Hivyo basi, hapana budi mduara uwe na watu wa aina mbalimbali: mkulima, fundi, mpishi wa hoteli, hata mteja mlalamishi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi tuongeze kwamba vidole vyote vikiwa gumba, navyo havishiki sindano. Ewe mwenye kiwanda kidogo, juma hili mtembelee mtu mmoja ambaye kazi yake hukuizoea, umwulize anaionaje bidhaa yako. Akiikosoa, usikasirike. Amekupimia bure.