Nyayo za Mfyekaji: Kumfuatilia Mkulima Mwanzilishi wa Unyamwezi katika Kodi, Sensa na Nyaraka za Ardhi

1.0 Utangulizi

Koo nyingi za Unyamwezi husimulia habari za mtu mmoja aliyeingia porini, akafyeka miombo, akajenga na kupanda mbegu mahali ambapo kabla yake hapakuwa na shamba. Heshima ya mtu huyo imo hata katika lugha ya utawala. Neno mtemi huhusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata. Wapo wanaolifasiri kuwa ni kukata miti ili kufungua makazi, na wapo wanaolifasiri kuwa ni kukata mashauri. Kwa fasiri ya kwanza, chanzo cha mamlaka ni shoka la mkulima.

Hata hivyo, mjukuu anayeondoka na simulizi hiyo kwenda kuitafutia uthibitisho katika nyaraka hukutana na ukimya. Makala haya yanaeleza sababu za ukimya huo, nyaraka zinazoweza kumsaidia mtafiti wa ukoo katika Tabora na maeneo yaliyopitiwa na njia ya misafara, na namna ya kuzisoma. Hoja kuu ni kwamba katika eneo hili dola haikuandika jina la mkulima kwa sababu alifyeka, bali kwa sababu ilihitaji kitu kutoka kwake: kodi, kazi, shahada ya ubatizo, au hukumu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza waraka unasema nini, mtafiti hana budi kuuliza mwandishi wake alikuwa akitafuta nini.

2.0 Mkulima katika Nchi ya Misafara

Richard Burton na John Speke walifika Kaze, katika Unyanyembe, Novemba 1857. Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na ndani yake Tabora inatajwa mara nyingi. Maandishi haya yana utajiri mkubwa kuhusu bei za nguo, pembe za ndovu, vita na watemi. Mkulima wa kawaida huonekana humo kwa mbali tu: anauza nafaka, anabeba mzigo, au kijiji chake kinapitwa na msafara.

Jambo hili lina athari mbili kwa utafiti wa ukoo. Kwanza, wanaume wengi wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi wakati wa kiangazi, na wengi wao walirejea kulima mvua zilipokaribia. Mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kuzaliwa alilolitumia nyumbani, jina la utani alilopewa safarini, na baadaye jina la Kiislamu au la Kikristo. Ni kosa kudhani kwamba majina matatu ni watu watatu. Ni kosa vilevile kuyaunganisha bila ushahidi.

Pili, kilimo cha viunga vya Tabora hakikuwa kazi ya wanaume huru peke yao. Wanawake na watumwa walibeba sehemu kubwa ya jembe, hasa wakati wanaume walipokuwa njiani na katika mashamba ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Wengi wa watumwa hao walitoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, ndiyo maana jina la Wamanyema limebaki katika historia ya mji. Hivyo, aliyefyeka na aliyehesabiwa kuwa mwenye shamba hawakuwa lazima mtu mmoja. Familia inayomtafuta mwanzilishi wake iwe tayari kumkuta mwanamke, au mtu aliyeletwa kwa nguvu.

3.0 Kodi: Mahali Jina Linapoanza

Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893. Mwaka 1897 walitangaza kodi ya nyumba. Tangu hapo, jina la mkuu wa kaya lilikuwa na thamani kwa serikali. Baada ya Wabelgiji kuutwaa mji wa Tabora Septemba 1916 na Waingereza kushika utawala, utaratibu huo uliendelea chini ya sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1926, watemi na wanangwa walio chini yao walitambuliwa kisheria kuwa mamlaka za wenyeji, na orodha za walipakodi zilipita mikononi mwao.

Orodha ya kodi ni waraka mzuri wenye mipaka yake. Inaweza kuonyesha kwamba mtu fulani alikuwa chini ya mwanangwa fulani mwaka fulani. Haionyeshi ukubwa wa shamba lake wala nani alilifungua. Isitoshe, kodi ilihesabu nyumba. Mwanamume mwenye wake kadhaa waliokaa nyumba mbalimbali alitozwa zaidi, lakini majina ya wake hao hayakuandikwa. Mtu asiyeonekana katika orodha huenda alikufa, alihama, alisamehewa kwa uzee, au alikuwa amekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani. Kutokuwapo kwa jina si ushahidi wa kutokuwapo kwa mtu.

Tahajia nayo inahitaji uangalifu. Makarani Waswahili, Wajerumani na Waingereza waliandika walivyosikia. Mtafiti aandae mapema orodha ya namna zote ambazo jina la ukoo lingeweza kuandikwa, hususani mwanzoni mwa jina na penye sauti za ng', l na r.

4.0 Sensa: Hesabu Isiyo na Majina

Watafiti wengi huanza na sensa kwa matumaini makubwa, kwa kuwa katika nchi nyingine madodoso ya kale ya sensa hufunguliwa kwa umma na humtaja kila mwanakaya. Kwa Tanganyika matumaini hayo hayana msingi. Hesabu za mwaka 1921, 1928 na 1931 zilitegemea sana taarifa za maofisa wa wilaya, watemi na orodha za kodi. Sensa ya mwaka 1948 ndiyo iliyofuata mbinu za kisasa zaidi, ikafuatiwa na ile ya 1957 na ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, iliyohesabu watu takribani milioni 12.3 nchini kote. Zilizochapishwa ni jumla za watu kwa maeneo, jinsi na umri, na hadi 1967 kwa makabila pia. Majina ya watu hayamo, na taarifa za mtu binafsi hulindwa na sheria ya takwimu.

Pamoja na hayo, sensa haikosi manufaa. Inamwezesha mtafiti kupima simulizi. Ikiwa ukoo unasema babu alifika mahali penye watu wengi, wakati takwimu zinaonyesha eneo lililokuwa karibu tupu, kuna jambo la kuchunguza: huenda watu waliondolewa kwa sababu ya malale. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Tanganyika ya magharibi kutoka kwenye mapori ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Shamba la kwanza la ukoo laweza kuwa limemezwa na pori tangu wakati huo.

Tahadhari ya mwisho ni mipaka ya utawala. Jimbo la Magharibi la wakati wa ukoloni si Mkoa wa Tabora wa leo, na wilaya zimemegwa mara kwa mara. Kaliua, kwa mfano, ilitoka Urambo. Mtafiti afuate jina la kijiji na la mtemi kabla ya jina la wilaya.

5.0 Nyaraka za Ardhi: Nani Aliandikishwa

Amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua matumizi ya ardhi kwa mujibu wa mila. Kutambua, hata hivyo, si kuandikisha. Viwanja vya mjini, misheni, reli na mashamba ya walowezi vilipata hati na ramani. Shamba la Mnyamwezi lilibaki mikononi mwa mwanangwa na katika kumbukumbu za majirani.

Kwa hiyo, mkulima mwanzilishi huingia katika majalada ya ardhi pale tu njia yake ilipokutana na mradi wa serikali au taasisi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Mradi wa karanga ulifunguliwa Urambo baada ya 1947, ukashindwa, na baadaye tumbaku ikashika nafasi. Palipopimwa mpaka au kulipwa fidia, huenda jina la aliyehamishwa likaandikwa. Vyama vya ushirika vya tumbaku navyo viliacha madaftari ya wanachama na mizigo waliyopeleka. Madaftari hayo si hati za ardhi, lakini humweka mtu mahali na wakati mahususi.

6.0 Ubatizo, Uhuru na Mashauri

Nyaraka zinazotaja uhusiano wa watu mara nyingi hazikuandikwa na idara ya ardhi. Mapadri Weupe walianza kazi karibu na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Wamoravia waliichukua misheni ya Urambo mwaka 1898. Vitabu vya ubatizo na ndoa hutaja wazazi, wasimamizi na kijiji. Kwa familia zilizotokana na watoto waliokombolewa utumwani, kitabu cha misheni chaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo jina la babu lilipata maandishi.

Kuhusu utumwa, miaka miwili ikumbukwe. Amri ya Kijerumani iliwahesabu kuwa huru watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905, na Waingereza waliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Utawala wa Kijerumani ulitoa pia hati za uhuru kwa watu binafsi. Simulizi ya babu "aliyekuja na kupewa shamba" karibu na Tabora katika miaka hiyo isomwe kwa kuzingatia mabadiliko haya. Swali la asili bado ni zito, na adabu inamtaka mtafiti asikilize wazee kabla ya kuwaonyesha karatasi, wala asitangaze hadharani jambo ambalo familia imelisitiri.

Aina nyingine ni kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji. Katika mashauri ya urithi, mipaka na mahari, mashahidi walieleza nani alilima wapi na nani alimkaribisha nani. Hapa wanawake husikika kuliko katika orodha za kodi. Vitabu vya Wilaya na majalada ya kikoloni yaliyosalia hutafutwa katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

7.0 Kuoanisha Ushahidi

Ichukuliwe mfano wa kufikirika wa ukoo unaosimulia kwamba babu yao alikuwa mpagazi, akaacha misafara reli ilipofika, akafyeka shamba magharibi ya Tabora. Hatua ya kwanza ni kwenda mahali penyewe pamoja na wazee. Matongo ya makazi ya kale, maboma ya minyaa, miembe mikubwa na makaburi ni ushahidi unaopaswa kuchorwa kwenye ramani. Hatua ya pili ni kuweka matukio yanayojulikana kuwa vigingi vya wakati: reli ya 1912, vita vya 1916, kuhamishwa kwa sababu ya malale, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Hatua ya tatu ndiyo ya nyaraka, kutoka karibuni kwenda zamani: kitabu cha ushirika, shauri la baraza, stakabadhi ya kodi, kitabu cha ubatizo. Kila kiungo kipewe daraja lake: kimethibitishwa, kinaelekea kuwa kweli, au ni simulizi tu.

Mtafiti wa mfano huu huenda akagundua kwamba jina la babu halimo katika orodha ya miaka ya mwanzo, lakini shauri la urithi linamtaja mama yake kuwa ndiye aliyepewa sehemu na mwanangwa. Simulizi haijawa uongo kwa sababu hiyo. Imeonyesha tu kwamba kumbukumbu ya ukoo ilimhifadhi mwanamume na kumwacha mwanamke aliyefungua shamba.

8.0 Faida na Mipaka Yake Kisheria

Wengi huanza utafiti huu kwa matumaini ya kurudisha ardhi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Katika uhakiki wa haki za ardhi, sheria hiyo inatazama pia ukaaji wa amani, wa wazi na usiokatizwa kwa miaka isiyopungua 12. Kumjua mfyekaji wa kwanza, peke yake, hakumwondoi jirani aliyegawiwa shamba hilo wakati wa vijiji.

Linalowezekana ni jambo jingine. Mfululizo wa ushahidi ulioandikwa vizuri humsaidia mjane au binti kuonyesha kwamba naye ana sehemu katika shamba linaloombewa hati ya hakimiliki ya kimila. Humsaidia pia mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa kuonyesha kwamba familia yake si wageni wa jana.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sensa ya Tanganyika ilihesabu bila kutaja, kodi ilitaja bila kueleza, na sheria ya ardhi ilitambua bila kuandikisha. Mkulima mwanzilishi wa Unyamwezi hupatikana pale nyaraka hizi zinaposomwa pamoja na vitabu vya misheni, mashauri ya mabaraza, matongo na kauli za wazee. Kati ya hivyo vyote, kisichosubiri ni kauli za wazee. Jalada lililohifadhiwa vyema laweza kusomwa mwakani. Mzee anayejua mwembe upi ulipandwa na nani aandikwe leo.